Mwangwi Uliochelewa

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, Clive Haddow alisimama ukingoni mwa ziwa la Ollerdine, akaweka viganja mdomoni, akaita kama alivyoita kila jioni kwa miaka thelathini na moja: "Jamani, tunafungaaa!" Kisha akangoja. Ng'ambo ya ziwa, kwenye kilima cha mialoni, kuna pango lililojengwa kwa mikono, na pango lile humrudishia mtu sauti yake mara tatu, ya mwisho ikiwa nyembamba kama ya mtoto mchanga. Watu huleta watoto wao kutoka miji ya mbali ili wapige kelele pale. Jumanne ile pango halikurudisha kitu.

Clive alisingizia ukungu. Akafunga lango kubwa, akawapisha kulungu wawili waliosimama katikati ya njia, akawaambia "samahani" kwa kuwasumbua, akaenda zake nyumbani. Kijumba chake kiko palepale langoni, kimejengwa kwa mawe ya bustani yenyewe. Alikuwa ameinama kwenye kizingiti, buti moja limevuka na jingine linakataa, aliposikia nyuma yake, kutoka ziwani, mara moja tu na kwa karibu kuliko kawaida: "Jamani, tunafungaaa."

Zilikuwa zimepita dakika kumi nzima.

"Nani huyo?" Muriel aliuliza kutoka ndani ya mlango. Mnyororo ulikuwa umefungwa.

"Ni mimi, Muri. Mzee wako. Weka chai."

Mnyororo ukaanguka, mlango ukafunguka, na mkewe akamtazama usoni kwa adabu kama unavyomtazama fundi aliyeletwa na mtu mwingine.

Mwaka wa nne huo Muriel anaugua maradhi ya kusahau. Nyuso ndizo zilizotangulia kupotea: kwanza majirani, kisha dada yake, na siku ya Pasaka ya mwaka jana ukapotea uso wa mumewe, akamrushia bakuli la sukari akimwita jambazi. Sauti yake ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo Clive aliingia kila chumba akiwa anaongea, alinyoa ndevu akiongea, alimvisha soksi akiongea, mtu aliyezaliwa mkimya akageuka kasuku kwa ajili ya mapenzi. Majira ya baridi yaliyopita mafua yalimkausha koo siku mbili, na siku zote mbili Muriel alijifungia bafuni akilia kwamba kuna mwanamume asiyemjua nyumbani. Daktari alimshauri Clive ampeleke kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa wa namna hiyo. Clive alimjibu kwamba siku atakaponyamaza, hapo ndipo wampeleke.

Sasa nimtaje Desmond Peverell, kwa kuwa bila yeye tusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya marafiki wa bustani, mtu wa koti la kijani na kalamu tatu mfukoni, aina ya mtu ambaye hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha. Bustani ilikuwa inatimiza miaka mia mbili na hamsini. Desmond akaona wageni waonyeshwe pango la mtawa, lilelile linalorudisha sauti, ambalo lilikuwa na mlango wa chuma uliofungwa tangu enzi za babu zake. Jumatatu akaleta mafundi, wakang'oa mlango, wakauegemeza kwenye mwaloni. Ndani wakakuta bamba la jiwe sakafuni, na chini ya bamba chemchemi inayolisha ziwa. Akaamuru bamba nalo liondolewe, wageni waone maji. Akasimamisha na kibao kilichoandikwa kwa herufi nzuri: "Hapa aliishi mtawa wa bustani, kwa burudani ya wageni wa mwinyi."

"Burudani ya nani?" Clive alimuuliza alipokiona.

"Clive, ndugu yangu, ndivyo ilivyokuwa fasheni. Kila bustani yenye heshima iliajiri mtawa wake. Mzee wa ndevu, fuvu mezani, kitabu kikubwa. Wageni wakishakula wanatembea kwenda kumwona."

"Mimi Enoch Yelland aliniambia vingine."

"Yelland alikuwa mlevi."

Ni kweli alikuwa mlevi. Lakini alikuwa mlinzi wa Ollerdine kabla ya Clive, na siku ya kumkabidhi funguo alimkalisha juu ya ukuta wa bustani, akamweleza mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kibao chochote.

Zamani, alisema Yelland, palipo na ziwa palikuwa na kijiji. Moshi wa kijiji ulimchukiza mwinyi kila alipokaa mezani kula, akaamua kijiji kihamie nyuma ya kilima, bonde lizibwe liwe ziwa, na kulungu waje kunywa mahali ambapo macho yake yangewaona vizuri. Watu wakahama. Akabaki mwezeka mapaa mmoja, Amos Thrupp, ambaye mkewe Tabitha alikuwa na mguu uliooza na hawezi kubebwa. Mwinyi akacheka, akampa sharti. Akae pangoni miaka saba bila kukata nywele wala kucha, na bila kutamka neno, hata moja, hata amechomwa. Akiweza, nyumba yake itaachwa pale ufukoni na Tabitha atafia kitandani kwake mwenyewe. Akitamka tu, nyumba inabomolewa kesho yake. Amos akaingia. Usiku walimfungia mlango wa chuma. Mchana wageni walimchoma kwa vijiti, mabibi walimwekea jongoo shingoni, na watoto wa mwinyi walimsomea barua za uongo kwamba mkewe amekufa, waone kama atalia kwa sauti. Hakutoa neno.

Mwaka wa sita binti wa mwinyi aliolewa, na mwinyi alitaka mashua ziwani siku ya harusi. Akafunga lango la maji ili ziwa lipande. Mvua ikanyesha siku hiyohiyo. Kupitia nondo za mlango wake wa chuma, ambao siku hiyo ulifungwa hata mchana, Amos aliona maji yakifika kwenye bustani ya kabichi, yakifika kizingitini, na Tabitha amelala. Wageni nao walikuwa juu ya kilima na miavuli yao, wanamtazama yeye. Akadhani ni mtihani mwingine. Akadhani akiita, nyumba inabomolewa. Akangoja mpaka maji yalipogusa dirisha, ndipo akafungua mdomo amwite mkewe, na mdomoni hapakuwa na sauti. Sauti haikutumika miaka sita, ilikuwa imekufa.

"Kwa hiyo anatafuta sauti," Yelland alimaliza. "Ukiingia mle, funga mdomo. Ukijikwaa, funga mdomo. Na mlango usitoke mahali pake."

Jumatano asubuhi Desmond aliingia pangoni na utepe wa kupimia. Clive alibaki nje, hakutaka kuingia. Kulikuwa na harufu ya maji yaliyolala na nywele zilizoungua, harufu ambayo haikuwepo jana yake. Alimsikia Desmond akipiga miluzi, akausikia utepe ukijivuta, kisha akamsikia akisema vizuri kabisa, kama mtu aliyempiga kikumbo mwenzake dukani:

"Ooh, samahani."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu watu wa huku, maana nimeishi nao miaka mingi na nimekula skoni zao nyingi, vile vimkate vya chai. Hawa ukiwakanyaga, wao ndio wanaokuomba radhi. Nimemwona mzee akiomba samahani kwa mlango uliompiga pua. Nimemwona mwanamke akimwomba samahani kiti. Neno hilo halipiti kichwani mwao kabisa, linatoka lenyewe kama chafya, na hakuna mafunzo yanayoweza kulizuia. Amos Thrupp alikuwa mmoja wao. Alijua pa kusimama gizani.

Desmond alitoka akiwa amekunja uso, akafungua mdomo amwambie Clive kitu, akaufunga, akaufungua tena. Alifanana na samaki kwenye ndoo. Daktari alisema ni virusi vya koo.

Siku ile saa kumi jioni, giza likiwa linaingia, Clive aliita wageni watoke, na pango likamjibu mara tatu kama zamani. Ila majibu hayakuwa na sauti yake. Yalikuwa na sauti ya Desmond.

*

Ijumaa, Averil Peverell, mke wa Desmond, alimvuta Clive kwenye kona ya mgahawa wa chai. Alikuwa mwanamke wa maneno makavu.

"Clive, usinicheke."

"Sikucheki, Averil."

"Jana jioni nilikuwa jikoni namenya viazi. Desmond yuko sebuleni mbele ya televisheni, namwona kisogo chake kabisa. Na Desmond huyohuyo ananiita kutoka nje, chini ya dirisha."

"Anasemaje?"

Averil aliangalia nyuma yake kwanza. "Anasema, 'Mpenzi, ni mimi. Toka nje, maji yanapanda.' Kwa upole, Clive. Upole ulionisisimua mwili. Kisha kama kitu kinakwaruza kioo, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Kucha ndefu."

"Ukafanyaje?"

"Nilivuta pazia nikaongeza sauti ya redio. Mimi na Desmond tuna miaka ishirini hatujaitana mpenzi. Angeniita 'wewe mwanamke, sanduku la fyuzi liko wapi,' ningetoka mbio." Akajaribu kucheka, kicheko kikamshinda. "Ndoa mbaya ndiyo iliyoniokoa, unaona mambo hayo?"

Clive hakuona cha kuchekesha. Alikuwa anawaza mlango mmoja tu duniani, mlango ambao hufunguliwa kwa sauti na si kwa kingine chochote. Aliacha chai yake, akarudi nyumbani akiwa karibu anakimbia, na akamkuta Muriel amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani, ametulia.

"Ni mimi, Muri. Mzee wako."

"Najua," alisema Muriel. "Alikuja mwingine. Aliniita mpenzi, mshenzi mkubwa. Nikamwambia mume wangu akirudi utaniona."

Kwenye kioo cha dirisha, upande wa nje, palikuwa na mistari mitano ya tope.

Aliogopa sana, na hofu yake haikuwa ya kujihofia mwenyewe. Sasa pepo alikuwa amekijua kijumba, na alikuwa amesikia sharti la kijumba kutoka kwa mwenye nyumba: mume wangu akirudi. Alichokosa ni sauti ya mume. Clive alijiambia kwamba jambo la busara ni kutokanyaga tena upande ule wa ziwa. Lakini Jumamosi ilipofika yale makucha yalikuja saa tisa mchana, kweupe, kwenye mlango wa nyuma, na Muriel akakataa kula kwa woga. Hapo akaenda kanisani.

Kasisi alikuwa mwanamke, Philippa Strudwick, mrefu, mwenye miwani inayomteleza puani. Alimsikiliza Clive mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua kitabu cha kale cha mazishi cha parokia, akamwonyesha mstari wa Tabitha Thrupp, amezama, na chini yake nafasi tupu ambapo jina la mumewe lilipaswa kuandikwa.

"Hawakumzika," alisema. "Nadhani walimwacha humo humo na kufunga mlango."

"Unaweza kumtoa?"

"Naweza kusoma sala, Clive. Bamba lirudi juu ya chemchemi, mlango urudi mahali pake, na mimi nisome nje. Hicho ndicho ninachokiweza. Lakini bamba ni zito, na mimi mgongo wangu…"

"Bamba nitabeba mimi. Ni kazi yangu."

"Mpe kijana mwingine."

"Kijana akipoteza sauti nitamwambia nini mama yake?" Clive alisema. "Nami nitajifunga mdomo. Nitajifunga kwelikweli."

*

Jumapili baada ya ibada walipanda kilima. Walikubaliana kutumia ishara za mikono, hata nje ya pango. Clive alikuwa amejibandika plasta tatu pana mdomoni, sikio hadi sikio, na juu ya plasta akafunga skafu aliyofumiwa na Muriel wakati Muriel bado anajua kufuma. Kabla ya kuondoka alikuwa amemkalisha, akamfunika miguu, akamwambia: "Muri, narudi saa kumi. Usifungue mpaka unisikie." Na Muriel akamjibu kwamba yeye si mtoto.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na ng'ambo taa ya kijumba ilionekana ndogo, ya njano. Kasisi alisimama penye kizingiti na kitabu chake na chupa yake ya maji, akaanza kusoma kwa midomo tu. Clive aliingia.

Ndani palikuwa na baridi ya kisimani. Tochi ilimwonyesha kuta za kokoto na magamba ya konokono, kiti kilichochongwa mwambani, na kwenye mkono wa kiti mikwaruzo, maelfu ya mikwaruzo, mtu alivyokuwa akijizuia. Harufu ya nywele zilizoungua ilimwingia puani mpaka machozi yakamtoka. Bamba liko pale lilipoachwa na mafundi. Akaweka tochi chini, akachuchumaa, akaliinua upande mmoja, akalisukuma, na wakati analisukuma alisikia maji ya chemchemi yakipumua, na akasikia, nyuma ya maji, pumzi nyingine isiyo ya maji, ikienda sambamba na yake, akisita inasita, akivuta inavuta, naye akazidi kubana meno chini ya plasta huku akikumbuka kila alichoambiwa na Yelland, akasukuma kwa bega, akasukuma kwa goti, mpaka bamba likaingia mahali pake kwa kishindo na pumzi ile ikakatika.

Kimya. Clive alikaa chini, akashukuru moyoni. Imekwisha. Aliokota tochi, tochi ikazimika, lakini haikumtisha, kwa sababu mlango ulikuwa pale mbele yake, wa kijivu, hatua nne tu, na kivuli cha kasisi kilikuwa pembeni mwake kikisoma. Akatembea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika ya nne bega lake likamgonga mtu.

Alikuwa mtu kabisa. Bega lenye mfupa, kitambaa kilicholowa.

Kasisi aliyekuwa nje alilisikia. Kupitia skafu na plasta tatu neno halikutoka kama neno, lilipita puani, mavumo manne mafupi, la tatu limepanda kidogo, lakini hakuna mtu aliyezaliwa katika nchi ile ambaye asingelitambua. Clive Haddow alikuwa ameomba samahani.

Alitoka mbio akibandua plasta kwa kucha, ngozi ya mdomo ikitoka nayo. "Clive?" kasisi alimwita. "Clive, sema kitu. Nakuomba sema kitu!" Clive alifungua mdomo. Alisukuma kwa tumbo, kwa kifua, mishipa ya shingo ikamsimama, na kilichotoka ni hewa.

Kisha wote wawili wakaisikia ikipita juu ya maji, haina haraka, ikiwa na kikohozi chake kidogo cha uzee na ile namna yake ya kuvuta jina:

"Muuuri. Ni mimi. Mzee wako. Toka nje, mpenzi, maji yanapanda."

Ng'ambo, mlango wa kijumba ulifunguka na mwanga wa njano ukamwagika kwenye majani.

Kutoka pangoni hadi langoni kwa kupita juu ya ukuta wa lambo ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na Clive alikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti mabovu, lakini alikimbia, alikimbia katikati ya kulungu waliotawanyika, akaanguka penye lango la maji akachanika paji, akainuka, akakimbia, na muda wote huo sauti yake mwenyewe ilikuwa inatangulia mbele yake juu ya ziwa ikimwambia mkewe hivi, Muri, angalia hatua, Muri, hapo pana utelezi, kwa upole uleule aliokuwa akimvishia soksi, na nyuma yake kasisi alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Muriel! Rudi ndani! Muriel, si yeye!" lakini hiyo ilikuwa sauti ya mwanamke mgeni na Muriel hakuwa na sababu ya kuisikiliza, alikuwa anashuka kwenye nyasi na kandambili zake za manyoya, amevaa aproni, amebeba kwa mikono miwili kikombe cha chai cha mumewe ili kisimwagike.

Clive alimkuta maji yamemfika magotini. Hatua kumi baina yao, kisha tano. Clive alinyoosha mikono. Muriel aligeuka, akamwona.

Alichokiona ni mzee asiyemjua, uso una damu, midomo imechubuka, plasta inaning'inia shavuni, mdomo wazi kabisa na hakuna kinachotoka, mikono inamjia.

"Clive!" Muriel alipiga ukelele. "Clive, kuna mtu! Clive, nisaidie!"

Clive alipiga kifua chake. Alijionyesha kwa vidole, mimi, mimi. Alipiga magoti majini, akakunja mikono. Alimwonyesha skafu, kazi yake mwenyewe, na Muriel alipoiona skafu ya mumewe mkononi mwa mtu yule alitoa mlio mwingine, mbaya zaidi.

"Njoo kwangu, Muri," ilisema sauti ya Clive kutoka katikati ya ziwa. "Usimwangalie huyo."

Alimkamata kiwiko. Alimkamata kweli, vidole vyake vilimshika, na kama angekuwa na neno moja tu, Muri, lisilozidi hapo, mwanamke yule angemwegemea kifuani. Muriel alimmwagia chai machoni. Akamng'ata mkono mpaka mfupa, akajichomoa, akakimbilia kwa mumewe anayemwita, na ziwa la Ollerdine pale lina kina cha ghafla, mahali palipokuwa na ukuta wa bustani ya kabichi.

Clive alipiga mbizi mara nyingi, kasisi hakuweza kuzihesabu, mpaka akaburutwa nje.

*

Wapiga mbizi walitafuta siku nne. Mwili hawakuupata. Walipata sakafu ya mawe, imefagiliwa safi, hakuna tope, na meko. Juu ya meko kilikuwa kimekaa wima kikombe cha chai, na yule kijana aliyekiona hakurudi tena majini.

Desmond Peverell alipata sauti yake jioni ileile ya Jumapili, saa kumi na dakika chache, katikati ya kula keki. Huko ilikochukuliwa haikuwa na kazi tena. Neno lake la kwanza lilikuwa kumlalamikia Averil kwamba keki ni kavu. Mlango wa chuma ulirudishwa, na kibao kikaondolewa kimyakimya. Kamati ilituma kadi ya rambirambi yenye picha ya maua.

Clive yuko. Kijumba amepewa mlinzi mwingine, naye anakaa chumba cha kupanga nyuma ya kanisa, lakini kila siku yuko kwenye benchi la ukingoni ifikapo saa kumi kasoro. Wageni wanaopita huchukua tahadhari wasimgonge miguu, na wakimgonga humwomba samahani, naye huinamisha kichwa. Kasisi Philippa alimkataza kwenda. Alimwandikia hata barua. Siku moja akaamua kukaa naye hapo ili ajue anangoja nini, na tangu siku hiyo hajamkataza tena.

Mlinzi mpya akishaita, akishafunga malango, na bata wakishanyamaza, husikika kijiko kikigonga kikombe, huko chini ya maji. Halafu anakohoa mzee.

"Ni mimi, Muri. Weka chai."

"Ipo tayari," anajibu Muriel. Sauti yake haina wasiwasi wowote. Kwa miaka minne Clive hakuwahi kumsikia ametulia namna ile. "Leo umewahi. Kaa."

Kiti kinaburuzwa juu ya mawe. Wanaongea mambo ya nyumbani, viazi, soksi, baridi. Kisha, kila siku, kabla giza halijakamilika, Muriel hushusha sauti.

"Yule mzee bado yuko pale juu? Yule aliyenishika?"

"Yuko," sauti ya Clive inamjibu. "Usimwangalie, mpenzi. Hatumjui."

Clive husikiliza mpaka mwisho, kisha hufunga vifungo vya koti lake.